Shali Nyeupe ya Chumba cha Maziwa

Neno lenyewe lilikuwa fupi: sawa. Nililitamka nikiwa nimekalia mkebe wa maziwa uliopinduliwa, mguu wangu mbovu nimeunyosha mbele, na sikulifikiria hata kwa muda wa kupiga chafya. Msichana niliyetaka kumwoa alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha sufu nyeupe, sufu nyembamba kama nywele za mtoto. Alitaka twende sote wawili, mchana peupe, tukamwambie memsahib kwamba fundi wa kufuma ni mimi, si yeye. Nilipokunja uso, akapumua kwa nguvu, akasema, "Basi kama unaogopa, nifumie hii shali kwa siri, nami nitaipeleka kama yangu."

"Sawa," nikasema. "Lakini mtu yeyote asijue. Leo wala kesho."

Nimekosea mengi tangu siku hiyo. Nimewahi kununua ng'ombe kipofu, nikatembea naye kutoka mnada wa Bahati hadi nyumbani nikimsifu kwa utulivu wake. Hilo nimejisamehe. Hili la shali bado halijashuka kooni.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Shamba lilikuwa la mzungu, kwenye bonde la Subukia, nami nilikuwa karani wa maziwa. Nilikuwa nimesoma sekondari, jambo ambalo siku zile lilimfanya kijana atembee kama aliyemeza fimbo. Kazi yangu ilikuwa kupima maziwa alfajiri na alasiri, kuandika galoni kwenye daftari, na kuona kwamba krimu imepakiwa kwenda Nakuru kabla jua halijaiharibu.

Kufuma nilikuwa nimefundishwa na mguu. Mwaka uliotangulia, mkokoteni wa krimu ulipinduka kwenye mlima wa kutokea Subukia nikiwa juu yake. Krimu ikaenda bondeni, mimi nikaenda hospitali mjini Nakuru, mguu umevunjika mahali pawili. Nililala miezi mitatu, mguu umening'inizwa kwa kamba kama nyama ya buchani. Wodi nzima ilikuwa ya wanaume waliovunjika hapa na pale, na kwa kuwa hatukuweza kutembea, tulikuwa tukigombana. Tuligombana juu ya drafti, juu ya dirisha, juu ya nani alikoroma. Siku moja muuguzi mkuu, mwanamke mfupi asiyecheka, akapita kitanda hadi kitanda akigawa sindano za kufumia na mabunda ya sufu kuukuu.

Tulikataa, bila shaka. Askari polisi aliyelala karibu nami alisema afadhali akatwe mguu.

"Vizuri," muuguzi akasema. "Asiyefuma hanywi chai ya saa kumi."

Baada ya wiki mbili, yule askari alikuwa akimwuliza mchuuzi wa mbuzi, aliyelala kitanda cha pili, kama pindo lake limenyooka. Tulifuma vipande vya blanketi, kisha skafu, kisha soksi. Siku ya kuagana tulikula kiapo kwamba kilichofumwa wodini kitabaki wodini. Hatukutaka wake zetu wasikie, wala mashemeji, wala mbuzi wa mchuuzi.

Lakini mkono ukishazoea kitu, haujui kiapo. Niliporudi shambani nilikuja na sindano zangu mbili zimefichwa ndani ya mguu wa suruali, na kati ya saa nne na saa nane, wakati ng'ombe wako malishoni na chumba cha maziwa ni kimya, nilikuwa nikifunga komeo na kufuma.

Huyo msichana alikuwa yaya na mtumishi wa nyumba kubwa. Alikuja siku moja kuchukua maziwa ya jikoni, akakuta komeo halijaingia sawasawa, akasukuma mlango. Aliniona na sindano mikononi na soksi ndogo ya kijani magotini. Alicheka hadi akaketi chini kwenye saruji.

"Karani!" akasema alipopata pumzi. "Na kunyonyesha pia wanafundisha huko hospitali?"

Nilidhani ataenda kuyatangaza. Badala yake akarudi kesho yake, na kesho kutwa, akawa ananiletea habari za nyumba kubwa na kuniangalia nikifuma. Kufikia mavuno ya mahindi tulikuwa tumekubaliana. Ami zangu wangekuja kwa wazazi wake kuleta posa mara tu msimu wa pareto ukiisha, na memsahib mwenyewe alikuwa amemwahidi kwamba siku akiolewa na mtu wa shamba watapewa ile nyumba ya mawe karibu na bustani ya matunda. Nilikuwa nimeshaipima kwa hatua, na nilijua meza itakaa wapi.

Sasa, memsahib alikuwa na darasa lake kila Jumatano alasiri. Aliwakusanya wanawake wa shamba kwenye veranda, akiwafundisha kufuma. Mpenzi wangu alihudhuria, na nasema kwa heshima yake yote kwamba alifuma kama mtu anayepigana na nyuki. Siku moja alichukua viatu vidogo vya sufu nilivyomfumia mtoto wa dada yake, akaenda navyo darasani ili aone jinsi kisigino kinavyokunjwa. Memsahib akavichukua, akavigeuza, akauliza ni kazi ya nani. Msichana wa watu, kwa kuwa nilikuwa nimemsihi aninyamazie, akajibu, "Yangu."

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Binti ya memsahib alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo angebatizwa kanisani Nakuru baada ya wiki tano. Kwao, mtoto hubatizwa akiwa amefunikwa kwa shali ya lesi iliyofumwa nyumbani. Ile ya ukoo ilikuwa imeliwa na nondo kwenye sanduku. Memsahib angefuma mpya mwenyewe, lakini baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. Basi akampa msichana sufu, na ukurasa uliochanwa kutoka gazeti la akina mama la kwao, na tabasamu.

"Mwambie ukweli," msichana aliniambia siku ile mlangoni. "Atacheka, basi."

"Na nyapara akisikia? Na wakamuaji?"

"Watacheka pia. Kwani kicheko kinavunja mguu? Na wewe wako umeshavunjika."

"Memsahib anachukia uongo kuliko wizi. Atakufuta."

"Uongo wa viatu viwili ama uongo wa shali nzima, upi mkubwa?"

Alikuwa sawa kabisa. Lakini nilimwona nyapara kichwani mwangu akisimama mbele ya watu wote akiniuliza habari za kunyonyesha, na nikaogopa kuliko nilivyouogopa mkokoteni ukipinduka. Nikasema lile neno langu.

Sikuwa nimewahi kufuma lesi. Nilifikiri ni kufuma tu, ila polepole. Kufuma kwa kawaida ni kama kujenga ukuta: jiwe juu ya jiwe, na ukikosea unaona. Lesi ni kujenga matundu, kisha kuyazungushia uzi ili yasitoroke. Unarusha uzi juu ya sindano bila kushika chochote, tundu linazaliwa. Kisha lazima uunganishe vitanzi viwili mahali pengine, la sivyo shali inanenepa. Kila mstari una hesabu yake, na mistari ishirini ndiyo inayokamilisha jani moja la mchoro. Ukurasa wa gazeti ulikuwa umeandikwa kwa herufi za mkato kama dawa ya daktari. Nilishinda Jumapili mbili mchana kutwa nikiutafsiri nyuma ya daftari la zamani: mbili pamoja, rusha, tatu kawaida, rusha, mbili pamoja.

Wimbo huo uliniingia damuni. Asubuhi moja nilikuwa nikipima maziwa, mkamuaji mmoja akaweka ndoo yake kwenye mizani, akaniuliza, "Ngapi, karani?"

"Mbili pamoja, rusha," nikajibu.

Akaangalia ndoo. Akaniangalia mimi. "Nirushe wapi?"

Wiki ya pili nyapara alinifuma, kama naweza kusema hivyo. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya helmeti aliyoipata vitani, na alikuwa na tabia ya kutopiga hodi popote isipokuwa kanisani. Komeo lilikuwa limenisaliti tena. Niliwahi kusukuma sindano chini ya paja, lakini shali yenyewe, iliyokuwa sasa na ukubwa wa taulo, ilibaki magotini ikinitazama.

"Karani, hicho ni nini?"

"Chujio," nikasema. "Chujio jipya la maziwa. Limeletwa kutoka Nakuru."

Akalishika pembeni kwa vidole viwili, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Alilitazama kwa muda mrefu, kama mnunuzi anayetazama meno ya punda.

"Na haya matundu?"

"Ndiyo ya kisasa."

"Ya kisasa? Hapa nzi watapita wawili wawili wakishikana mikono."

"Yanapitisha haraka," nikasema.

"Nimesema nini mimi kuhusu vitu vya Nakuru?" Akakichukua kikombe cha maziwa na, Mungu ni shahidi wangu, akataka kulijaribu. Nililinyakua. Nikamwambia lazima lichemshwe kwanza, ni amri ya daktari wa mifugo. Neno amri lilimtosha. Akaondoka akitikisa kichwa, na kwa miezi kadhaa baadaye alikuwa akiwaambia watu kwamba wasomi watalinywesha shamba zima nzi.

Baada ya hapo nikawa naificha kazi yangu ndani ya ndoo ya kunyweshea ndama, kwenye rafu, nikaifunika kwa gunia. Ilikuwa akili ya karani. Mtu yeyote aliyelelewa na ng'ombe angejua kwamba ndama anayelishwa kwa ndoo haulizi ndani ya ndoo mna nini. Wiki moja na nusu kabla ya ubatizo, mchungaji wa ndama alichukua ndoo hiyo bila kufunua gunia, akaiweka chini kwenye banda huku akienda kuchota maziwa. Nilifika nikakuta ndama mwekundu, macho ameyafumba kwa raha, pembe ya shali imo mdomoni hadi kooni, na mkia unacheza.

Nilivuta. Akavuta. Ndama ana nguvu ambazo Mungu hakumpa sababu ya kuwa nazo. Mwishowe nikamtia kidole mdomoni, akaachia shali akakamata kidole, na hivyo tukaokoa kazi. Lakini vitanzi vilikuwa vimetoka kwenye sindano, na katika lesi kitanzi kimoja kikikimbia kinawaita wenzake. Mistari kumi na mmoja ilifumuka. Pembe nzima ilikuwa na mate.

Msichana alipokuja, nilikuwa nimekaa sakafuni.

"Twende tukamwambie," akasema tena. Hakucheka safari hii. Aliketi kando yangu, akachukua ncha ya uzi, akaanza kuuviringisha polepole. "Tazama. Tukisema leo, hasira yake ni ya leo. Shali haijaisha, hana cha kuonyesha, atataka imalizwe. Atakuomba wewe umalize. Haki ya Mungu atakuomba."

"Na watu?"

"Watu, watu! Utaoana na mimi ama na watu?"

Nilisema nitamaliza. Nilifuma asubuhi baada ya kupima, nilifuma mchana bila kula, nilifuma nikiwa nimesimama nyuma ya mashine ya krimu huku mkono mmoja ukiizungusha. Nilimaliza Ijumaa, saa saba, nikafunga uzi wa mwisho, nikaitandaza shali juu ya meza.

Ilikuwa mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Gazeti lilikuwa limechora majani ya kangaga yamejipanga kama yamechongwa. Yangu ilikuwa imejikunja, imejaa uvimbe, ndogo kama kitambaa cha kichwa, rangi ya uji, inanuka maziwa yaliyolala. Ilifanana na kabichi iliyochemshwa. Nilitafuta kosa langu kwenye ukurasa, mstari kwa mstari, na sikuliona. Sikujua kwamba maelezo ya kumalizia yalikuwa kwenye ukurasa wa pili, ambao haukuchanwa.

Msichana aliitazama, akaifunga kwenye leso, akasema, "Twende kwa nyanya."

Nyanya yake aliishi kwenye vibanda vya wafanyakazi ng'ambo ya kijito. Alikuwa mdogo, amekauka, na alikuwa akitafuna kitu ambacho sikuwahi kujua ni nini. Tulimkuta nje akikwaruza ngozi ya mbuzi. Msichana akafungua leso.

"Nyanya, memsahib anataka hii Jumapili, na imeharibika."

Nyanya aliiinua, akainusa, akapiga chafya. "Nyinyi mliosoma," akasema. "Ngozi ikitoka kwa mbuzi inafananaje? Si hivi hivi? Imejikunja, imejinyonga, ina hasira. Kuna aliyewahi kusema mbuzi ameharibika?"

"Hii si ngozi, nyanya," nikasema.

"Wewe nyamaza, karani. Lete maji."

Akaiosha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaikamua bila kuisokota, akaitandika kwenye nyasi safi ikiwa mbichi. Kisha akatoa kifuko cha vigingi vidogo vya mti, vile vya kuwambia ngozi ili inyooke, vimelainika kwa umri kama meno. Akapiga kigingi kimoja kwenye pembe. Akavuta upande wa pili. Nilifumba macho nikingoja kusikia uzi ukikatika.

Haukukatika. Shali ilifunguka. Sijui niseme vipi. Kila tundu lilipanuka, kila jani likajinyoosha, na kitambaa cha kichwa kikawa kikubwa kuliko kitanda. Tulipiga magoti tukivuta pande zote, nyanya akitoa amri, kuku wakifukuzwa, na mimi nikajisahau kabisa. "Hapa polepole, nyanya," nikasema, "hapa nimepunguza vitanzi. Vuta pale, pale kwenye pindo nililolirudia."

Mkono wa nyanya ukasimama. Akanitazama, akamtazama mjukuu wake, akatazama vidole vyangu vinavyolijua kila tundu kwa jina lake.

"Aha," akasema.

"Usimwambie mtu, nyanya," nikamwomba.

Akapiga kigingi kingine. "Mimi nilipomzaa mama ya huyu," akasema, "sikusema ni jirani amezaa."

Ikakauka kwa jua la Jumamosi. Msichana aliipeleka nyumba kubwa imekunjwa ndani ya karatasi, na nikaambiwa kwamba memsahib alilia.

Jumapili nilipanda nyuma ya lori na mikebe ya krimu hadi Nakuru, kwa kuwa krimu haijui siku ya Bwana. Nilipomaliza stesheni nilipita mbele ya kanisa. Upepo ulikuwa ukiinua lile vumbi jeupe la Nakuru, na memsahib alikuwa akimkinga mtoto kwa kofia yake. Waliposhuka ngazi niliiona shali yangu. Ilikuwa nyeupe, ilining'inia hadi magotini mwa mama, jani baada ya jani. Mtoto alikuwa ameingiza pembe moja mdomoni na anainyonya kwa bidii, pembe ile ile ya ndama. Hata kuosha mara tatu hakukuondoa maziwa yote.

"Tazama anavyoipenda!" memsahib akawa anawaambia wageni.

Nilisimama ng'ambo ya barabara na mguu wangu mbovu, na kifua kikanijaa kama kibofu kilichopulizwa. Nilitaka kumsimamisha mtu yeyote aliyepita, hata mbwa, nimwambie.

Chai ilinywewa shambani alasiri ile. Sisi tulikuwa kwenye mlango wa jikoni: mpishi, nyapara, dereva wa trakta, wakamuaji wawili, mtunza bustani, na mimi nikiwa nimeleta maziwa. Msichana alipita na sinia. Memsahib akamsimamisha, akamshika mkono mbele ya wageni, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Huyu mikono yake ni dhahabu. Binti yangu nataka yeye. Binti nakwenda kwa bwana yake Tanganyika wiki hii na mtoto. Yeye nakwenda pia, natunza mtoto, nafuma, nafundisha watumishi kule. Miezi sita. Mshahara mzuri."

Kila mtu alipiga makofi. Msichana hakupiga. Aliweka sinia chini, akageuka hadi akanipata kwa macho, na mbele ya watu wote akauliza, "Karani, wewe unasemaje?"

"Karani anahusu nini hapa?" memsahib akauliza akicheka.

Najua vizuri alichokuwa akiniuliza. Alikuwa amenifungulia mlango kwa mara ya tatu. Nilichohitaji ni maneno mawili: nimeifuma mimi. Memsahib angekasirika, shali ingebaki kuwa shali, na hakuna mtu Tanganyika ambaye angemhitaji yaya anayepigana na nyuki. Nilifungua mdomo. Nyapara alikuwa kando yangu, kofia yake ya helmeti ikigusa bega langu, akinong'ona kwa dereva, "Hiyo lesi mbona kama chujio?" Dereva akaanza kucheka.

"Ni kazi nzuri," nikasema. "Nenda."

Alichukua sinia lake akaingia ndani.

Aliondoka Jumatano. Hatukugombana. Aliniachia ndoo ya ndama imeoshwa, imepinduliwa mlangoni mwangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa kwaheri yake. Nilicheka nilipoiona, kisha nikaacha kucheka.

Barua yake ya kwanza ilikuja baada ya mwezi. Huko walikuwa wamempa sufu na wanangoja. Alitaka kujua mstari wa saba unaendaje. Nikamjibu kurasa nne: mbili pamoja, rusha, tatu kawaida. Akauliza kisigino, nikamchorea kisigino. Nilimfundisha kufuma kwa posta, barua kwa barua, hadi akawa fundi kweli na hanihitaji tena, na katika kurasa hizo zote sikuandika mstari mmoja wa kumwambia arudi. Miezi sita ikawa mwaka. Aliandika, "Wananiomba nibaki. Ukisema nirudi, nitarudi." Nikamwandikia kwamba afanye anavyoona, na kwamba pindo la sweta likijikunja alioshe na kuliwamba.

Barua ya mwisho ilisema ameolewa na fundi wa magari wa huko. "Ni mtu wa mzaha," aliandika. "Humbeba mtoto wa jirani mgongoni akipita sokoni, watu wakimcheka, naye anacheka nao."

Miaka michache baadaye, wazungu walipokuwa wakiuza mashamba, memsahib aliniita nimsaidie kufunga masanduku. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kabisa. Sijui ni nini kilichonitoa neno, labda ni kwa kuwa alikuwa akiondoka. Nikamwambia kuhusu shali. Nilimweleza yote, hadi ndama. Alicheka mpaka akatafuta leso ya kujifutia macho, kisha akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekaa njaa karibu na sufuria.

"Karani," akasema, "babu yangu alikuwa baharia. Alifuma soksi zake zote mwenyewe. Mbona hukusema?"

Siku hizi nafuma nje, kwenye baraza langu hapa Kabazi, mbele ya barabara. Vijana wa bodaboda husimama kuniagiza kofia za baridi. "Mzee, niwekee na masikio," huniambia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za kunyonyesha. Nafuma kila kitu isipokuwa lesi.

Wale watu sita wa mlango wa jikoni wamekufa wote. Nyapara nilimzika mwenyewe, na sikumwambia. Kwa kuogopa kicheko chao nilimpoteza mwanamke niliyempenda na aliyenipenda. Sikuoa mwingine, sina mtoto, na ile nyumba ya mawe karibu na bustani ya matunda alipewa dereva wa trakta.